Kupiga picha baharini jua likishazama, majira ya baridi: shata ngapi, na vifaa vilindwe vipi?

MajiKupwa ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wajuzi wa picha za ufukweni jioni, hasa majira ya baridi kwenye zile pwani ambazo joto linashuka hadi nyuzi 2 au 3 na upepo hautulii.

Vifaa: kamera ya fremu kamili, lenzi ya mm 16–35, tripodi ya alumini, rimoti, na filta moja ya ND (ya kupunguza mwanga) ya stopu 6 (kila stopu inakata mwanga nusu). Mipangilio ni ile inayopendekezwa kila mahali: f/16 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 30.

Matokeo: maji yanakuwa moshi mtupu. Mawe ya mbele hayana ukali ingawa kamera iko kwenye tripodi. Bluu ya anga inatoka kijivu. Kila penye taa kuna madoa yanayong'aa. Betri nayo inaonyesha nusu, mara kamera inazima.

Kipi kirekebishwe kwanza? Na je, saa hizo ND inahitajika kweli?

---

StopuSaba amejibu:

Mkuu, anza na shata. Wengi wanakiachia kipima mwanga kiamue: kikisema sekunde 30, wanaweka 30. Baharini fanya kinyume. Shata ichague kwa ajili ya maji, mwanga utautafuta kwa tundu, ISO na filta.

Liangalie wimbi linaporudi baharini baada ya kupanda mchanga. Linaburuta povu kwa mistari, na mistari hiyo ndiyo inayoipa picha mwelekeo. Kuipata, shata ikae kati ya 1/4 na sekunde 1. Anzia 1/2, maji yakirudi kwa kasi shuka 1/4, yakirudi taratibu panda 1. Kwenye sekunde 2 hadi 4 mistari inaanza kuyeyuka, ila bado unasoma maji yanakwenda wapi. Kuanzia 15 kwenda juu, mawimbi mawili au zaidi yameshapita mahali palepale na kila moja limefuta umbo la lililotangulia. Ndiyo maana unapata moshi. Moshi si kosa, lakini unataka kitu kigumu cha kusimama ndani yake: nguzo za gati, jiwe moja lililojitenga, ngazi inayoshuka majini. Ufukwe mtupu wenye moshi ni karatasi nyeupe tu.

Bonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapokuja. Likija povu limejaa kila mahali na linaungua, yaani linatoka jeupe tupu.

Sasa mwanga. Kuanzia jua lizame hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, mwanga unashuka karibu stopu 7. Karibu na ikweta jua linazama wima, kwa hiyo safari hiyo inaisha kwa dakika 21 au 22, yaani stopu moja kila dakika 3. Kwenye latitudo ya 50, katikati ya majira ya baridi, jua linazama kwa mshazari na muda unafika dakika 35 hadi 40. Hapo una zaidi ya dakika 5 kwa kila stopu. Ni muda wa kutosha kufanya kazi bila kukimbizana.

Kwa anga safi, ukipima upande wa magharibi kwa ISO 100 na f/8, jua likizama tu shata inasoma karibu 1/15. Mwisho wa zile nyuzi 6 inasoma karibu sekunde 8. Mawingu mazito yanakula stopu moja au mbili zaidi. Ukitaka kubaki na 1/2 muda wote, fanya hivi: jua linapozama weka ND ya stopu 3, f/8, ISO 100. Mwanga ukishashuka stopu 3, toa filta. Ukishuka ya nne, fungua hadi f/5.6. Ya tano, ISO 200. Ya sita, 400. Ya saba, 800. Kamera ya fremu kamili haipati shida na 800.

Kwa hiyo ndiyo, ND inahitajika, lakini ya stopu 3. Hiyo ya stopu 6 ni ya kabla jua halijazama, pale f/8 inaposoma 1/125. Ukiivaa unapata 1/2. Ukiibakiza jua likizama, 1/15 inakuwa sekunde 4, na baada ya stopu mbili tu uko kwenye 16. Moshi tena.

Na f/16 achana nayo. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo unatawanyika na kulainisha picha nzima, na kila tone lililo juu ya kioo linaonekana zaidi. f/8 au f/11 zinatosha. Kwa mm 16 na f/11, ukiweka fokasi mita 0.8, ukali unakubalika kuanzia sentimita 40 hadi mwisho wa macho. Kwa mm 24 na f/8, fokasi mita 2.4, ukali unaanzia mita 1.2. Hesabu hizo ni za mpakani kabisa, kwa hiyo sogeza fokasi mbele kidogo: kwa mm 16 weka mita 1 hadi 1.5 ili upeo wa macho ukae vizuri.

Fokasi mapema ukiwa bado unaona, kisha zima otofokasi. Ukizungusha zumu, fokasi upya, maana lenzi nyingi za zumu hazishiki fokasi ile ile.

---

Kisiki amejibu:

Nakazia hilo la f/16. Ila mawe kukosa ukali juu ya tripodi mara nyingi si lenzi, ni mchanga.

Mchanga uliolowa unaonekana mgumu, lakini wimbi likipita linauchimbua pembeni mwa kila mguu na tripodi inazama milimita kadhaa. Kwa shata ya nusu sekunde huenda usione. Kwa sekunde 30 lazima uone. Panua miguu, kandamiza kila mmoja kwa uzito wa mwili mpaka usishuke tena, subiri wimbi moja au mawili yapite, kandamiza tena, ndipo upange picha. Na usibonyeze rimoti wakati maji yanapiga miguu; subiri yapite.

Kinyume na mazoea ya nchi kavu, hapa refusha kwanza kile kipande chembamba cha chini. Viungio vya kufungia vitakaa juu ya maji na mchanga. Mguu wa katikati usiupandishe kabisa. Mkanda wa shingoni utoe, kwa sababu kwenye upepo unapeperuka na kuitikisa kamera bila wewe kuona. Mfuko wa kutundika chini ya tripodi unasaidia tu kama unagusa ardhi; ukining'inia unageuka bembea.

Zima pia kitulizaji cha picha, cha lenzi na cha kamera. Kikikosa mtikisiko wa kutuliza kinaweza kuutengeneza chenyewe.

---

RangiYaUtusi amejibu:

Ndugu Kisiki, hilo la kitulizaji linategemea kamera. Nyingi za sasa zinatambua tripodi na kujizima zenyewe, na kwenye upepo mkali sana kitulizaji kikiwashwa kwa shata ya 1/4 kinaweza kusaidia. Njia ya uhakika ni kupiga fremu mbili, moja kimewashwa na moja kimezimwa, kisha kuzikuza mara 10 kwenye kioo cha nyuma kabla mwanga haujaondoka.

Kuhusu rangi: kijivu kinaletwa na mizani ya rangi ikiwa otomatiki. Kamera inaona bluu imezidi, inadhani ni kasoro, inaongeza njano kuisawazisha. Funga kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 hadi 5500 na bluu itabaki ilivyo. Ukitaka ubaridi zaidi shuka hadi 4200 hivi; chini ya hapo povu linakuwa la samawati na picha inaonekana ya kutengenezwa. Piga RAW (faili ghafi la picha) ili uamuzi wa mwisho ufanyike nyumbani, ila funga Kelvini hata hivyo, maana unachokiona kiooni ndicho kinachokuongoza kwenye kupanga.

Bluu yenyewe inakolea jua likiwa kati ya nyuzi 4 na 6 hivi chini ya upeo. Saa hiyo mwanga wake unapita safari ndefu ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni inafyonza machungwa na njano. Wanaofunga virago dakika kumi baada ya jua kuzama wanaikosa kabisa.

Geuza pia kamera upande wa pili wa machweo. Anga likiwa halina mawingu, kati ya dakika 10 na 20 baada ya jua kuzama, utaona utepe wa waridi juu ya bendi ya bluu-kijivu. Bendi ile ya chini ni kivuli cha dunia yenyewe, inapanda huku utepe ukififia. Upande huo anga na maji vinakaribiana kwa mwanga, hivyo filta ya kugawa anga (yenye giza nusu ya juu tu) haihitajiki. Upande wa magharibi tofauti ni stopu 2 hadi 3, na filta laini ya stopu 2 inatosha. Polaraiza (filta ya kukata mng'ao) itoe: inakula stopu moja na nusu hadi mbili, na inafuta mng'ao wa mchanga uliolowa, ambao ndio nusu ya picha.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: kioo cha kamera gizani kinaonekana kiking'aa sana, unadhani picha ina mwanga wa kutosha kumbe imezama stopu nzima. Punguza mwangaza wa kioo na uamini histogramu (grafu ya mwanga wa picha). Tazama mstari wa nyekundu peke yake, ndio unaotangulia kuungua karibu na machweo na kwenye taa.

---

ChumviLenzini amejibu:

Hayo madoa penye taa ni matone ya chumvi juu ya kioo cha mbele. Mchana huyaoni, lakini taa ya gati ikiingia kwenye fremu kila tone linageuka nyota. Upepo wa kutoka baharini unarusha rasharasha hata ukiwa mita nyingi kutoka kwenye maji, na haionekani kwa macho.

Kifuniko cha lenzi kikae mpaka sekunde ya mwisho. Piga fremu mbili tatu, funika, futa, rudia. Kufuta nako kuna utaratibu: kwanza puliza kwa pampu ya mkono mchanga utoke, kisha pitisha kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, mwisho kikavu. Ukianza na kikavu unasugua fuwele za chumvi juu ya kioo na unapaka utando unaofifisha picha nzima. Beba vitambaa vinne au vitano kwenye mifuko tofauti, vikavu mbali na vilivyotumika. Filta ya kinga ya UV hapa ina maana, hata kwa wasioipenda, lakini taa zikiwa nyingi kwenye fremu itoe. Inaongeza taswira za uongo za taa. Usibadilishe lenzi ufukweni.

Kuna unyevu mwingine usiotokana na bahari. Anga likiwa halina mawingu, kioo cha mbele kinapoa kuliko hewa, na umande unakaa juu yake taratibu bila wewe kutambua. Dalili yake ni picha kupoteza ukali hatua kwa hatua fremu baada ya fremu. Kifuko cha kupasha mikono kikifungwa kwa mpira chini ya lenzi kinatosha kuuzuia. Na usipumue karibu na kitazamio.

Sasa betri. Haijaisha. Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani yake na kuongeza ukinzani, volti inaanguka kamera inapovuta nguvu, na kamera inaamini ni tupu. Weka mbili mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na zungusha: iliyozima ikipata joto inarudisha sehemu kubwa ya chaji. Ila usiichaji ikiwa bado chini ya nyuzi 0. Lithiamu inaganda kama metali kwenye elektrodi na betri inaharibika moja kwa moja.

Kubwa kuliko yote ni kurudi ndani. Kamera iliyopoa ikiingia kwenye chumba chenye joto inatoka jasho papo hapo, nje na ndani, hadi kwenye sensa. Ukiwa bado nje toa kadi na betri, tia kamera pamoja na lenzi kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa, ndipo uingie. Maji yatakaa juu ya plastiki. Acha saa moja hadi mbili, zaidi kama lenzi ni nzito. Kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi hakuna jasho, ila fokasi inaweza kusogea kidogo kioo kikisinyaa, kwa hiyo iache kamera nje dakika 15 hadi 20 kabla ya kufokasi.

Tripodi siku hiyo hiyo: fungua viungio, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha ikiwa imenyooshwa. Usiikunje mbichi.

---

MajiKupwa ameandika:

Ahsanteni sana wakuu, hili la shata kufuata maji limenifungua macho. Mawili yamebaki. Ile huduma ya kamera ya kupunguza chenga (vidoti vya kasoro kwenye picha) kwenye shata ndefu iwashwe au izimwe? Na maji yawe yanajaa au yanapwa?

---

StopuSaba amejibu:

Izime. Inapiga fremu ya pili ya giza yenye urefu uleule, kwa hiyo sekunde 30 zinakuwa 60 na wimbi zuri linapita kamera ikiwa imefungwa. Na baridi inakusaidia bure: kila joto la sensa likishuka nyuzi 6 hadi 8 hivi, mkondo unaoleta zile nukta zinazong'aa unapungua kwa nusu. Washa tu ukipiga dakika kadhaa.

Ukipiga fremu mbili, moja ya anga na moja ya maji, ili uziunganishe badala ya kutumia filta ya kugawa, usisogeze chochote na zipige ndani ya dakika moja. Zikipishana muda rangi ya anga na ya maji haziafikiani, na jicho linagundua.

---

Kisiki amejibu:

Maji yanayopwa, bila kusita. Yanaacha mchanga laini usio na nyayo, uliolowa na kuakisi anga, na kila dakika yanakufunulia mawe mapya. Yanayojaa yanakusukuma nyuma, unapanga upya kila mara, na ndiyo yanayozingira watu.

Usidanganyike kwamba yanapanda kwa kasi moja. Penye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kimoja hadi kingine ni saa 6 na dakika 12 hivi. Saa ya kwanza yanasogea sehemu 1 kati ya 12 ya tofauti yote kati ya kujaa na kupwa, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mahali penye tofauti ya mita 6, hiyo ni mita 3 nzima ndani ya saa ya tatu na ya nne. Kwenye ufukwe bapa, mita 1.5 za wima ndani ya saa moja ni umbali mrefu sana wa mlalo. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti inazidi. Kwa hiyo jua saa ya maji pamoja na saa ya machweo, na jua njia yako ya kutoka ukiwa na mwanga. Kwenye ghuba yenye miamba pande zote mbili, maji yanaziba pembeni kwanza huku mbele yako kukiwa bado kukavu.

Kabla ya kushuka kwenye mwamba, simama juu uangalie bahari dakika 15 hadi 20. Mawimbi ya dhoruba yanakuja kwa makundi na utulivu wa dakika kadhaa hauna maana yoyote. Mwamba ukiwa umelowa juu ya pale unapotaka kusimama, maji yanafika hapo, basi. Na ukigeukia ule utepe wa waridi aliousema RangiYaUtusi, hakikisha hauko kwenye mstari wa mawimbi, maana utakuwa umeipa bahari mgongo.

Glavu mbili: nyembamba za kubonyezea ndani, nene zisizo na vidole juu yake. Gambuti, si viatu vya kamba. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, ili macho yasipoteze mazoea ya giza kila unapotafuta kitufe.

---

RangiYaUtusi amejibu:

Nyongeza kuhusu mahali. Majira ya baridi jua halizami pale pa kiangazi. Kaskazini mwa dunia linazama kusini-magharibi. Kusini mwa dunia, kaskazini-magharibi. Kwa hiyo ufukwe unaotazama upande wa ikweta, ambao kiangazi hauoni machweo juu ya maji, wakati wa baridi huenda ukayapata, na mara nyingine macheo pia. Chora mstari kwenye ramani kabla ya kwenda, kwa tarehe hiyo hiyo.

---

MajiKupwa ameandika:

Nimeelewa. Kuna mwenzangu ana simu tu, naye anauliza kama inawezekana.

---

ChumviLenzini amejibu:

Inawezekana, kwa masharti. Simu iwe kwenye tripodi, hali ya usiku iwashwe, itumike kamera kuu. Ile pana kupindukia mara nyingi ina sensa ndogo na tundu dogo, chenga zinajaa. Abonyeze na kushikilia upeo wa macho hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha ashushe mwanga kidogo kwa kidole, maana simu hupenda kuifanya jioni iwe mchana. Atumie kihesabu muda cha sekunde 3 asiiguse. Simu inaunganisha fremu nyingi, hivyo mistari ya povu hukatikakatika. Akiitaka, atafute programu inayomruhusu kuweka shata ya 1/2 mwenyewe na kuhifadhi RAW. Na simu aifiche kifuani kati ya picha na picha, inazima kwa baridi hata kabla ya kamera.